Ngazi ya Katikati ya Daraja

Watu wote wa Hanoi wanajua kwamba juu ya daraja la Long Bien mtu hupita kushoto. Nchi nzima tunaendesha kulia, lakini ukishapanda daraja lile kuukuu, reli ikiwa katikati na vyuma vilivyosukwa kama ukili vikikuzunguka, unahamia mkono wa pili na hakuna anayeuliza kwa nini. Anayekosea ni mgeni tu. Na Khiem, asubuhi ile ya baridi ya kwanza, alikuwa mgeni.

Alikuwa ametoka Hai Phong juzi. Alivaa shati la buluu alilopigiwa pasi na mama yake, na kofia ngumu ya pikipiki ambayo bado ilikuwa na kibandiko cha dukani. Alipanda daraja kwa upande wa kulia kama alivyofundishwa maisha yake yote, akakutana uso kwa uso na mto mwingine juu ya mto: pikipiki, baiskeli za mboga, mkokoteni wa kuku, honi juu ya honi. Akatafuta pa kugeuzia, hapakuwapo. Gurudumu lake la mbele likagonga baiskeli iliyokuwa ikisukumwa na msichana, na mfuko mrefu wa nailoni ukateleza kutoka kwenye kibebeo, ukapasuka, ukamwaga gauni jeupe la harusi juu ya chuma chenye kutu.

"Wewe! Unakwenda wapi?"

"Mjini, dada."

"Mjini kwa upande huo? Huko ni mbinguni!"

Khiem akavua kofia. "Nisamehe. Sikuona."

"Hukuona? Watu wote hawa hukuwaona?" Msichana aliinua macho, akaona jina la duka kwenye mkoba wa kijana, na kwa hasira zake zote midomo ikaanza kumcheza. "Unafanya kazi kwenye duka la miwani?"

"Ndiyo."

Shangazi Tho, muuza mahindi ya kuchoma ambaye hukaa na jiko lake penye ukingo wa daraja, alicheka mpaka akaangusha pepeo la kupepea makaa. "Mwanangu, anza kujiuzia mwenyewe!"

Msichana aliitwa Nhai, jina la ua la yasmini, jina la kizamani ambalo wasichana wa mjini hawapewi tena. Alikuwa mfupi, nywele amezibana kwa kijiti cha kulia chakula, jinzi imepauka magotini, viatu vyeupe vya turubai vimefuliwa hadi vimekuwa vyembamba. Kazi yake ilikuwa kwenye duka la kukodisha magauni ya harusi. Maharusi wa Hanoi hawaridhiki bila kupigwa picha juu ya daraja lile, na yeye ndiye aliyewapelekea nguo na kuwashikia mikia ya magauni wasikanyage grisi. Sasa upindo wa gauni ulikuwa na mstari wa kutu, mwekundu kama jeraha.

"Bibi harusi ananingoja pale mbele," alisema, na sauti ikampungua. "Mpiga picha analinda jua lake."

"Nifanye nini? Niambie."

"Ndimu na chumvi. Unazo mfukoni?"

Khiem aliiacha pikipiki mikononi mwa Shangazi Tho, akakimbia hadi sokoni chini ya daraja. Alirudi akihema, na ndimu mfuko mzima.

"Unataka kufua gauni au kuogesha nyati?" Nhai akauliza.

Yeye alikamua, msichana akasugua. Doa lilififia hadi rangi ya chai hafifu, likagoma hapo. Nhai alilitazama, akaukunja upindo kwa pini. "Atageukia upande mwingine," alisema. Kisha, bila kumwangalia: "Kesho pita kushoto, kaka wa miwani."

Kesho yake alipita kushoto. Na kesho kutwa. Na kila alipopita aliangalia kama kuna baiskeli yenye mfuko mrefu wa nailoni.

*

Kupendana kwao hakukuwa na makubwa. Walikula mahindi kwa Shangazi Tho, aliyewaita "wale wangu" na kuwauzia yale yaliyoungua kidogo kwa sababu, alisema, wapenzi hawaoni. Nhai alikwenda dukani kupimwa macho ingawa macho yake hayakuwa na kasoro yoyote.

"Soma mstari wa chini," Khiem alisema.

"Unasema, 'Huyu kaka anajifanya daktari.'"

"Kweli macho yako ni mazima."

"Yako je?"

"Yangu yanaona kitu kimoja tu siku hizi."

"Basi yana ugonjwa," alisema Nhai, akainamisha uso ili asione alivyofurahi.

Jioni Khiem alimbeba kwenye pikipiki hadi ng'ambo ya mto, Gia Lam, na kila jioni Nhai alimgusa bega kwenye mdomo wa kichochoro kimoja chenye duka la dawa. "Nishushe hapa."

"Nikufikishe mlangoni?"

"Baba yangu mkali."

"Basi wasalimie wazazi."

"Nitawasalimia, kaka."

Akasimama pale, akapunga mkono hadi taa ya nyuma ya pikipiki ikapotea. Kisha akageuka, akatembea kwa miguu kurudi darajani, akaenda hadi katikati, mahali penye ngazi ya kushukia kisiwani. Alitazama mbele, akatazama nyuma, akashuka haraka kama mwizi. Chini kulikuwa na mashamba ya migomba, na mwisho wa migomba kulikuwa na maji ya Mto Mwekundu, na juu ya maji, kwenye mapipa yaliyofungwa kamba, chelezo chenye kibanda cha mabati. Ndiko alikozaliwa.

Shuleni walimwambia ananuka tope. Mama wa rafiki yake mmoja aliwahi kupangusa kiti alichokuwa amekalia, yeye akiwa bado hajatoka chumbani. Tangu hapo Nhai alijifunza neno "Gia Lam", akalisema vizuri hata yeye mwenyewe akakaribia kuliamini.

Simu ya Khiem ilikuja kila baada ya chakula cha jioni.

"Uko wapi, kipenzi?"

"Nyumbani. Wapi tena?"

"Mbona nasikia bata?"

"Jirani anafuga."

"Na hiyo treni?"

"Kaka Khiem, treni inasikika Hanoi nzima. Wewe umekula nini?"

"Tambi. Peke yangu. Kwa huzuni."

"Pole. Kesho nitakuletea samaki."

"Wa wapi?"

"Wa sokoni," alisema Nhai, na baba yake, aliyekuwa akimtoa samaki yuleyule nyavuni, akainua uso, kisha akauinamisha tena.

Siku moja Nhai alisahau kofia yake ya majani kwenye pikipiki. Kesho yake Khiem alimrudishia bila neno, na jioni ile hakucheka sana. Nhai alidhani amechoka na kazi.

*

Mwaka mpya ulipopita, Khiem alisema mbele ya jiko la Shangazi Tho, akiwa na masizi ya mahindi kidevuni: "Mama yangu anataka kuja kwenu. Kuleta tambuu."

"Kwetu? Nyumbani?"

"Tambuu hupelekwa nyumbani, mpenzi. Unataka akuletee stesheni?"

Nhai alicheka, lakini hindi lilibaki mkononi halijaliwa. Kwani tambuu na popoo haziwekwi mikononi mwa msichana tu. Huwekwa juu ya madhabahu ya mababu zake, baba yake akawasha udi na kuwaarifu marehemu kwamba mtoto anaombwa. Na madhabahu ya mababu zake ilikuwa rafu ya mbao juu ya chelezo, kati ya nyavu na sufuria.

Shangazi Lieu, mwenye duka la magauni, ndiye aliyempa njia. Alikuwa mjane mwenye huruma na mdomo mwepesi. "Chukua nyumba yangu asubuhi moja. Ina sebule, ina madhabahu, ina kila kitu. Hao ni watu wa Hai Phong, watajuaje? Mkishaoana utamweleza mumeo polepole."

Nhai alipowaambia wazazi wake, mama yake, Bi Hoi, alikuwa akipanga mapipa ya maji. "Kwani wamekataa kushuka ngazi?"

"Hawajui kama kuna ngazi, mama."

Bi Hoi akarudi kwenye mapipa yake. Mzee Thuan, baba yake, alikuwa akiziba tobo la pipa kwa lami. Aliendelea kuziba kwa muda mrefu, mpaka tobo likawa limezibwa zaidi ya lilivyohitaji. Kisha akauliza, kwa upole uliomchoma binti yake kuliko kofi:

"Nivae koti la nani?"

*

Bi Xuyen, mama yake Khiem, muuza vitambaa, alikuja amevaa vazi refu la mahameli ya zambarau na shanga za lulu shingoni, na nyuma yake mjomba wa Khiem amebeba sinia lililofunikwa kitambaa chekundu. Sebule ya Shangazi Lieu ilinukia udi na nta ya sakafu. Mzee Thuan alikaa kwenye ukingo wa kiti, ndani ya koti la marehemu mume wa Lieu, mikono yake mikubwa imefichwa kwenye mikono ya koti. Bi Hoi aliogopa kugusa vikombe.

Juu ya madhabahu kulikuwa na picha ya mzee mwenye ndevu chache na miwani mizito. Ni baba mkwe wa Lieu.

"Loo!" Bi Xuyen alisema kwa uchangamfu, akitaka kuwatoa wenyeji wasiwasi. "Babu yenu alikuwa na miwani minene! Angekuwa hai, Khiem angemchongea mipya."

Wote wakacheka. Khiem alicheka akitazama sakafu. Mzee Thuan hakucheka.

Sahani ya tambuu ikawekwa madhabahuni. "Haya, mzee," akasema mjomba, "tuarifie wakubwa."

Mzee Thuan akasimama, akawasha vijiti vya udi, akaviinua mpaka kwenye paji la uso. Baba yake wa kweli alikuwa fundi wa chuma. Kila mabomu yalipoviangusha vyuma vya Long Bien mtoni, yeye na wenzake walivirudisha, na vita vilipokwisha alikataa kuhama chini ya daraja. Alisema anataka kusikia kama limeshika. Sasa mwanawe alisimama mbele ya picha ya mtu asiyemjua.

"Baba," alianza. Akaitazama ile miwani mizito. "Baba, leo mjukuu wako..."

Jivu la moto likamwangukia kidoleni na hakulipangusa. Nhai alikiona kidole kile. Aliona pia shingo ya baba yake, iliyochomwa na jua miaka yote ya kumlipia shule, imeinama ndani ya kola ya mtu mwingine.

"Baba, basi," alisema. Akavichukua vile vijiti mkononi mwake, akavichomeka kwenye majivu. "Basi, baba. Nisameheni nyote. Siwezi."

Akakimbia. Viatu vyake vilibaki mlangoni.

"Hawezi nini?" Bi Xuyen aliuliza. "Hawezi nini?"

Lieu aliangalia ukuta. Mzee Thuan aliinama mbele ya mgeni hadi kiunoni. "Utusamehe, dada. Kosa ni langu," alisema, wala hakueleza zaidi. Angewezaje kueleza bila kumvua nguo binti yake mbele ya watu, naye hayupo?

Sinia likafunikwa tena kitambaa chekundu, likarudi Hai Phong. Tambuu zikirudi zilikotoka, hata mtoto anajua maana yake. Ila ile sahani moja iliyokwisha kufika madhabahuni, hakuna aliyethubutu kuigusa.

*

Simu ililia juu ya chelezo asubuhi, mchana, jioni. Nhai aliitazama ikitetemeka kando ya sufuria kama mdudu aliyelala chali. Mwishowe mama yake akasema, "Pokea, au itupe mtoni. Bata wangu hawatagi."

Akapokea.

"Nhai, usikate."

"Sema."

"Mama anasema umenikataa."

"Sijakukataa, kaka. Ile nyumba..."

"Si yenu. Najua."

Maji yaligonga mapipa. Nhai alisimama. "Unajua tangu lini?"

"Tangu siku ya kofia. Ulikuwa umeshashuka, nikaiona kofia yako, nikarudi. Nikakuona unatembea kwenye daraja. Nikadhani umeibiwa, nikakufuata. Ukashuka ngazi. Nilisimama pale juu nikakuona unampokea mama yako ndoo."

"Kumbe." Nhai alikaa tena, polepole. "Miezi yote hiyo. Ukinishusha pale kwenye duka la dawa. 'Wasalimie wazazi.'"

"Nilingoja uniambie mwenyewe. Nilidhani ni heshima."

"Heshima?" Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Baba yangu alimwita mtu mwingine baba, Khiem. Mbele yako." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita jina tupu, bila kaka. "Na wewe ulikuwa unajua. Ulikaa pale ukala mbegu za tikiti kama mgeni yeyote."

"Nhai..."

"Mimi nilidanganya kwa aibu. Wewe ulinyamazia nini?"

Khiem alikuwa dukani, nyuma ya kabati la fremu, macho kadhaa ya vioo yakimtazama. Angeweza kutoa jibu zuri. Alikuwa nalo, alilitayarisha tangu siku ya kofia: upendo, subira, staha. Lakini kidole kile chenye jivu hakikumtoka machoni.

"Kwa sababu nyumba ile ilinifaa na mimi," alisema. "Nilimwogopa mama. Niliona haya, kama wewe. Tofauti ni kwamba mimi nilikuachia wewe uibebe."

Alisikia bata, kisha simu ikakatwa.

*

Kwenye duka la vitambaa huko Hai Phong, Bi Xuyen alikuwa akipima hariri kwa mkono, pua hadi kidole, na mwanawe alipokuwa akisimulia hakuacha kupima. Khiem alipofika kwenye picha ya madhabahuni, mama akaacha.

"Ngoja. Yule mzee wa miwani minene si babu yao?"

"Si babu yao, mama. Ni baba mkwe wa mwenye nyumba."

"Mungu wangu! Nimempelekea tambuu!" Akashika shanga zake. "Nimemwambia nakuja kuomba mjukuu wake! Mzee wa watu sasa amekaa huko aliko anangoja harusi!"

"Mama, tatizo si..."

"Usinifundishe tatizo! Tambuu zimekwenda kwa wafu wasio wa bibi harusi. Hao wa kweli hawana habari. Hata mkioana leo, mtakuwa mmeoana kwa nani?"

Alikunja kitambaa, akakikunjua. Nje muuza mikate alipita akinadi. Bi Xuyen akaketi juu ya jora, na sauti yake ikabadilika.

"Yule baba aliponiinamia, nilisema moyoni, huyu mtu ana kiburi, hata kueleza hataki." Akafuta lulu kwa kidole gumba, ingawa zilikuwa safi. "Nami nikamtania kuhusu miwani."

"Hukujua, mama."

"Wewe ulijua. Uliniacha nivae lulu." Akamtazama. "Wanaishi chini ya daraja?"

"Ndiyo."

"Juu ya maji?"

"Ndiyo, mama."

"Choo je?"

"Mama!"

"Nauliza! Shangazi zako wataniuliza, niwaambie nini? Sisemi nimefurahi, Khiem. Sijafurahi." Akanyanyuka, akaitafuta pochi yake. "Lakini siwezi kulala huku mzee wa watu anangoja harusi. Jumapili tunakwenda. Wewe nunua balungi, kubwa, lisilo na kovu. Na ile aibu yako usinipe mimi. Uibebe mwenyewe."

*

Jumapili walianzia kwa Shangazi Lieu, ambaye aliwafungulia mlango akiwa mwekundu hadi masikioni. Bi Xuyen hakumlaumu. Aliweka balungi mbele ya ile picha, akawasha udi, akasema kama mtu anayezungumza na jirani mwenye usikivu hafifu: "Mzee, tusamehe. Tulikosea mlango. Kula tunda hili, na bibi harusi tuachie."

Halafu akachukua tambuu mbichi, akapanda nyuma ya pikipiki ya mwanawe, sinia mapajani.

"Uko upande gani wewe?" alipiga kelele walipoingia darajani. "Utatuua!"

"Huu ndio upande wenyewe, mama!"

Shangazi Tho, aliyekuwa akimwona Nhai akishuka ngazi miaka yote, aliliona lile sinia kutoka mbali. Akaacha mahindi yaungue, akainama juu ya ukingo, akaita kwa sauti iliyovuka migomba: "Nhai! We Nhai! Mgeni!"

Chini, Nhai alikuwa amekunja mikono ya blauzi ya zamani, miguu peku, lile gauni la doa kwenye beseni na ndimu kando yake. Hakuna bibi harusi aliyelitaka tena, na Lieu alikuwa amempa ajaribu kwa mara ya mwisho. Aliinua kichwa. Juu kabisa, kati ya vyuma vilivyovuka kama vidole, aliona vazi la zambarau.

Jambo la kwanza lililomjia lilikuwa kujificha. Lakini chelezo hakina chumba cha pili. Kina mbele na nyuma, na pande zote ni maji. Akasimama na gauni linamchuruzikia miguuni, uso unamwaka, na akatamani daraja lote lishuke limfunike.

Mzee Thuan alitoka kibandani. Alitazama juu, akaelewa. Akamgeukia binti yake, na kwa sauti ileile ya siku ile akauliza:

"Nivae koti la nani?"

Nhai alimtazama baba yake, lami kucha hadi viwiko.

"Vaa shati lako, baba," alisema. "Lile la kijani. Mimi nawapokea."

Akaweka gauni kwenye beseni, akapanda njia ya migombani, akapanda ngazi, peku vilevile. Bi Xuyen alikuwa ameshika chuma kwa mikono miwili, amefumba macho.

"Mwanangu, ngazi hii ilijengewa watu au mbuzi?"

"Nishike mimi, mama mkubwa. Usitazame chini."

"Nikianguka mnizike na tambuu zangu." Akashuka hatua, akasita. "Mkono wako unanukia ndimu."

"Nilikuwa nafua." Nhai akavuta pumzi. "Mama mkubwa, nilikudanganya."

"Ulinidanganya. Usirudie. Mguu niweke wapi?"

"Hapa."

"Na mimi nilimcheka babu asiye wako. Tumeaibika wote. Sasa nishushe kabla sijaghairi."

Khiem alifuata nyuma na sinia. Hakumgusa Nhai, hakumwita kipenzi. Walipofika chelezoni alimkabidhi Bi Hoi sinia, akaenda moja kwa moja kwa Mzee Thuan, aliyekuwa akifunga vifungo vya shati lake la kijani, akapiga magoti.

"Baba, siku ile nilijua. Nilikuacha usimame pale. Naomba radhi."

Mzee alimaliza kifungo cha mwisho. "Pikipiki yako ina bomba la moshi bovu," alisema. "Kila jioni ilikuwa inasimama kidogo pale juu, kisha inaondoka. Nikamwambia mama Nhai, yule kijana anaogopa kushuka."

"Niliogopa kweli, baba."

"Basi umeshuka. Inuka, magoti yako yatashika lami."

Rafu ya madhabahu ilikuwa na picha ndogo ya mtu mwenye uso mkavu na kofia ya fundi. Bi Xuyen alipanga tambuu mbele yake kwa uangalifu, akarudi nyuma, akarekebisha lulu zake. Mzee Thuan akawasha udi.

"Baba," alisema, "leo mjukuu wako..."

Treni ikaingia darajani. Vyuma vyote vikaanza kulia, mapipa yakatikisika, vikombe vikagongana, Bi Xuyen akamkumbatia Bi Hoi bila kujua. Watu wa pale chini hawasemi treni inapopita, husubiri. Mzee Thuan alisubiri, vijiti mikononi, mikono imetulia, macho yake kwenye picha, kama vile wawili wale wanasikiliza jambo wanalolijua. Behewa la mwisho likapita. Daraja likashika.

"Leo mjukuu wako anaombwa," akamalizia, kwa sauti iliyofika hadi kwa Shangazi Tho.

*

Alasiri wazee walikuwa bado wanazozana kuhusu tarehe nzuri, na Bi Xuyen amekwisha kukagua choo. Nhai alikunja gauni, likiwa bado na unyevu, akalitia kwenye mfuko wake mrefu.

"Nipeleke dukani nikalirudishe, halafu unirudishe," alimwambia Khiem. Bado hakuwa amemwita kaka.

"Doa limetoka?"

"Halitoki."

"Basi nani atalivaa?"

"Nitamwomba Shangazi Lieu aniwekee." Akaona jinsi uso wake ulivyochanua, akamwinulia kidole. "Usiseme kitu. Bado nina hasira."

"Sijasema."

"Uso wako umesema."

Dukani gauni liliwekwa nyuma ya kabati, lenye jina lake kwenye kipande cha karatasi. Waliporudi, jua lilikuwa limelala juu ya mto na daraja lilijaa watu wanaotoka kazini, pikipiki kwa pikipiki, wote kushoto. Khiem aliendesha polepole. Mikono ya Nhai ilikuwa kiunoni mwake, kwanza kwa mbali, halafu karibu.

"Nikushushe wapi?" aliuliza, na mara akaona aibu ya swali lake lenyewe, la jioni zote zile.

Nhai alichungulia juu ya bega lake. Mbele yao kulikuwa na maharusi wanapigwa picha, na wasichana wa dukani aliowafahamu, na wauza matunda, na Shangazi Tho na jiko lake, na watu wengi kuliko siku yoyote.

"Pale kwenye ngazi, kaka," alisema. "Simama kabisa. Piga na honi."